Msambazaji wa intaneti ya jumla amefupisha muda wa kulipa katikati ya mkataba

Fundi wa Nyakato: Ndugu zangu, ninanunua intaneti ya jumla, megabiti 500 kwa sekunde, na kuwauzia wakazi wa Nyakato, Mwanza. Mkataba unanipa siku 30 za kulipa ankara, lakini mwezi uliopita msambazaji aliniandikia barua pepe kwamba sasa ni siku 7, na siku ya 8, saa mbili usiku, wateja wakiwa wanatazama mpira, akakata huduma. Nina haki gani?

Mzee wa Nguzo: Pole sana. Soma kwanza kifungu cha mabadiliko ya mkataba. Iwapo kinadai saini za pande zote mbili, barua pepe yake pekee haitoshi. Mwandikie rasmi, na asipojibu upeleke malalamiko TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ukiwa na ankara na stakabadhi zote.

Bi Hesabu: Tusimwonee msambazaji, maana naye analipia mkongo (kebo kuu ya intaneti) kila mwezi. Je, ankara ni ya dola? Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, na ugomvi mwingi wa namna hii huanzia kwenye kiwango cha kubadilishia.

Fundi wa Nyakato: Ni ya dola, dada. Deni analonidai limezidi hesabu yangu kwa tofauti hiyo hiyo ya kiwango cha kubadilishia.