Rubani mwenzangu anarusha ndege kwa hatari: nimripoti kwa Mamlaka au ninyamaze?

Bawa la Kushoto aliuliza:

Shikamoo kwa wakubwa, na habari kwa wengine. Mimi ni rubani wa ndege ndogo za injini moja zinazobeba watalii kati ya Arusha na viwanja vya Serengeti, na naomba ushauri juu ya jambo ambalo sikulipatia jibu katika vitabu tulivyosomea mitihani ya leseni.

Yupo rubani wa kampuni nyingine, mwenye saa nyingi za kuruka kuliko mimi, ambaye nimemwona zaidi ya mara moja akishuka chini mno juu ya makundi ya nyumbu ili abiria wapige picha, kisha akiinua pua ya ndege ghafla na kukata kona kali. Kanuni ya kimataifa tunayoifahamu sote ni kutoshuka chini ya futi 500 hata mahali pasipo na watu, isipokuwa wakati wa kupaa na kutua. Linalonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni asubuhi za mawingu juu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Wengine tunapogeuza au kuzunguka, yeye hutangaza redioni kwamba anaiona ardhi vizuri na anaendelea, ilhali mimi niliye dakika chache nyuma yake sioni mbele yangu ila weupe mtupu.

Je, ni wajibu wangu kumripoti kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga? Marubani wa ndege ndogo hapa kwetu tunajuana wote, rubani mkuu wa kampuni ya jirani leo ndiye atakayenisaili kesho nikitafuta kazi, na nisingependa kuitwa mchongezi. Wapo wanaoniambia kwamba leseni ni yake na shingo ni yake.

Kapteni Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Hoja ya kwamba shingo ni yake ingekuwa na uzito kama ndege ile ingekuwa na kiti kimoja. Nyuma yake wameketi watu ambao hawana namna ya kujua kama kona ile ni ya kawaida au ni ya kuwaua. Wewe unajua, na hapo ndipo wajibu wako unapoanzia.

Kuna kisa ambacho ningependa kila kijana anayepewa leseni akisome. Katika kambi ya jeshi la anga la Marekani ya Fairchild, jimbo la Washington, Luteni Kanali Arthur Holland alikuwa rubani wa B-52, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, mwenye sifa ya ustadi, na kuanzia mwaka 1991 alikuwa akiivusha ndege hiyo mipaka yake mbele ya umati wa watu katika maonyesho, huku wakubwa wake wakitazama. Machi 1994, katika eneo la mazoezi la Yakima, alipita juu ya mgongo wa kilima kwa kimo kilichokadiriwa kuwa kama mita 1, na rubani msaidizi wake alieleza baadaye kwamba ilimbidi ashike usukani yeye mwenyewe ili wasiugonge. Kamanda wa kikosi, Luteni Kanali Mark McGeehan, hakunyamaza. Alikwenda kwa mkubwa wake akaomba Holland azuiwe kuruka. Mkubwa huyo alimkaripia Holland kwa mdomo, hakuandika lolote, na mambo yakaishia hapo. McGeehan akaamua kwamba hakuna rubani wa kikosi chake atakayeruka na Holland isipokuwa yeye mwenyewe awemo ndani. Tarehe 24 Juni 1994, wakifanya mazoezi ya maonyesho, Holland aliilaza ndege kupita kiasi wakati akiuzunguka mnara, ikaanguka na kuwaua wote wanne waliokuwemo, McGeehan akiwa miongoni mwao. Yule mkubwa alikuja kukiri mbele ya mahakama ya kijeshi kwamba hakutimiza wajibu wake.

Watu husimulia kisa hiki kana kwamba hakuna aliyesema, na hilo si kweli, kwa kuwa walisema wengi. Makamanda wa pale walikuwa wakibadilishwa mara kwa mara, na kwa sababu makaripio hayakuandikwa, kila kamanda mpya alidhani anakutana na kosa la kwanza. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba uripoti, na uripoti kwa maandishi.

Mruko wa Wilson alijibu:

Ndugu yangu, nakisikia alichosema Kapteni, lakini nasita kukilinganisha kisa cha Holland na hiki chako. Holland aliruka mbele ya umati na kunaswa kwenye picha za video, ilhali wewe una macho yako tu, tena ukiwa ndani ya ndege nyingine iliyo mwendoni. Kukadiria kimo cha ndege iliyo chini yako ni kazi ngumu, hasa juu ya mbuga tambarare ambako hakuna jengo wala mti mrefu wa kulinganishia. Mawingu nayo yanasogea. Inawezekana kabisa kwamba mwenzako aliiona ardhi kupitia mwanya ambao ulikuwa umekwisha kuziba ulipofika wewe.

Tuseme pia lile ambalo halisemwi hadharani. Kampuni hizi zinagombania abiria walewale, iwe huko Arusha au huku kwetu uwanja wa Wilson, Nairobi, na barua ya rubani wa kampuni moja dhidi ya rubani wa kampuni nyingine itasomwa kwa jicho hilo, hata kama nia yako ni safi. Mimi ningemfuata kwanza mhusika mwenyewe, faraghani, si redioni wala mbele ya abiria, nimweleze nilichokiona na nimwache ajieleze. Nimewafahamu marubani, tena wazee, ambao waliacha mchezo wa namna hiyo siku walipoambiwa na mwenzao, kwa sababu hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amewaambia.

Dawati la Usalama alijibu:

Kazi yangu ni usalama wa safari za anga, kwa upande wa kampuni, na naona tunachanganya mambo mawili ambayo taratibu za usafiri wa anga zimeyatenganisha kwa makusudi: kosa la kibinadamu na uvunjaji wa kanuni wa kukusudia.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege aina ya Boeing 727 ya shirika la TWA la Marekani ikielekea kutua Dulles, karibu na jiji la Washington, iligonga Mount Weather na watu wote 92 wakafa. Wiki sita hivi kabla ya hapo, ndege ya shirika jingine, United, ilikuwa imeshuka mapema kwenye njia ileile kwa kuelewa vibaya maelekezo yaleyale, ikaponea chupuchupu. United iliwatahadharisha marubani wake, lakini tahadhari hiyo haikuwafikia wa TWA. Baada ya ajali, Marekani iliunda mfumo wa kuripoti hatari ambao mwaka 1976 ulikabidhiwa kwa NASA, taasisi isiyo na uwezo wa kumnyang'anya mtu leseni, kwa kuwa marubani hawakuwa tayari kueleza makosa yao mbele ya yuleyule anayewaadhibu. Majina huondolewa, na anayejiripoti ndani ya siku 10 anaweza kusamehewa adhabu. Msamaha huo, hata hivyo, haumfikii aliyevunja kanuni kwa kukusudia. Nasi tumo katika fikra hiyohiyo, kwa maana Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichopitishwa mwaka 2013, kinaitaka kila nchi mwanachama iwe na mfumo wa kuripoti wa lazima na mwingine wa hiari unaomlinda mtoa taarifa.

Kwa hiyo ile desturi njema ya marubani kutoshtakiana kwa makosa ya kibinadamu haimkingi mtu anayefanya jambo lilelile, mahali palepale, kwa hiari yake.

Kuhusu nyumbu, nakubaliana na ndugu wa Wilson kwamba unaweza kuanza kwa kuzungumza naye. Kuhusu mawingu, sikubaliani naye hata kidogo. Novemba 2017 ndege ndogo ya abiria ilianguka katika Kreta ya Empakaai, kwenye nyanda hizohizo za Ngorongoro, na watu wote 11 waliokuwemo wakafariki. Sisemi kwamba rubani yule alizembea, nasema tu kwamba milima ile ina hatari ya kutosha bila mtu kuiongezea nyingine. Mpelekee taarifa ofisa usalama wa kampuni yenu leo, ili awasiliane na mwenzake wa kampuni ile. Ndege yao ikiwa na kifaa cha kufuatilia safari kwa satelaiti, mabishano ya kimo na njia yatakwisha ndani ya dakika chache bila kutegemea macho yako. Usipoona hatua yoyote, iandikie Mamlaka.

Bawa la Kushoto aliandika:

Nawashukuru nyote. Kwa ofisa usalama nitakwenda kesho asubuhi. Je, ikifika hatua ya Mamlaka, niweke jina langu au niandike bila jina?

Dawati la Usalama alijibu:

Weka jina, na uombe kwa maandishi kwamba lisitolewe kwa mhusika wala kwa mwajiri wake. Taarifa isiyo na jina hupokelewa, lakini mkaguzi hana wa kumpigia simu anapokwama. Andika tarehe, saa, namba ya usajili wa ndege, mahali ulipokuwa na kimo chako, maneno aliyoyatamka redioni na hali ya hewa kama ulivyoiona wewe. Usiandike kwamba ni mzembe, kwa sababu hiyo ni hukumu na haikuombwa kwako. Andika pia ambacho hukuweza kukiona, ukianza na ule mwanya wa mawingu aliotutajia ndugu wa Wilson.

Kapteni Mstaafu aliandika:

Na nakala ibaki kwako, ikiwa na muhuri wa kupokelewa.