Henry Knox: mizinga ya Ticonderoga ilivukaje mito iliyoganda?

Swali
Wakuu, naandaa somo la Henry Knox, ofisa wa mizinga wa Marekani katika vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, nimekwama. Picha nyingi zinaonyesha maksai wakivuta mizinga kutoka ngome ya Ticonderoga hadi Boston, ila maandishi mengine yanataja farasi. Ipi kweli? Na mzinga mzito hivyo unapitaje juu ya mto ulioganda?

Jibu
Wote walitumika, mkuu. Barua ya Knox kwa George Washington, mkuu wa jeshi, ya 17 Desemba 1775 inataja sleji (magari ya kuteleza kwenye theluji, hayana magurudumu) imara 42 na jozi 80 za maksai, na wachoraji wakashika hapo hapo. Lakini hayo yalikuwa matarajio. Mwenye maksai alitaka bei ambayo Jenerali Schuyler aliikataa, wakakodi farasi. Maksai walishika kazi baadaye, kuanzia Springfield.

Mzigo wenyewe: mizinga kama 59, jumla karibu tani 54, njia ya kilomita 480 hivi. Ziwa George walilivuka kwa mashua kabla halijaganda, na moja iligonga mwamba ikazama karibu na ufukwe, wakaiopoa.

Barafu sasa. Walitoboa matundu kwenye vivuko, maji yakapanda juu, usiku yakaganda, barafu ikanenepa. Kati ya wanyama na sleji waliweka kamba ndefu, kama mita 12, na mtu mwenye shoka anatembea kando yake. Sleji ikianza kuzama anakata kamba: unapoteza mzinga, farasi wanabaki. Hata hivyo mzinga mmoja ulitumbukia mto Hudson pale Albany. Tarehe 8 Januari 1776 wenyeji wakasaidia kuutoa, na Knox akaubatiza "Albany".

Adui mkubwa alikuwa joto. Hali ikipata joto, barafu inalegea na theluji ya nchi kavu inaisha, sleji inakwama kwenye tope. Ndiyo maana walikaa siku kadhaa wakisubiri baridi irudi. Kwenye miteremko ya milima ya Berkshire shida iligeuka, mzigo ukataka kuwakimbilia wanyama. Wakafunga minyororo, wakasukuma magogo chini ya sleji, na kuzungushia kamba kwenye miti, mti kwa mti.

Swali
Shukrani sana mkuu. Na uwaziri wa vita Knox aliupataje, wakati alikuwa muuza vitabu tu?

Jibu
Kwa kazi hiyo hiyo ya kuhesabu, kukodi na kusafirisha. Vitabu vya mizinga alivisoma dukani kwake Boston; vita vilipoisha alikuwa meja jenerali. Usimchore kama mpiganaji tu, utamkosea. Jeshi alilolikuta ofisini lilikuwa na watu kama 700. Kushindwa kwa Jenerali St. Clair na makabila ya Wahindi Wekundu, 4 Novemba 1791, kiliua askari zaidi ya 600, na ugavi mbovu ulichangia: chakula kilichelewa, vifaa vilikuwa hafifu. Jeshi likapangwa upya kuwa lijioni (jeshi moja lenye vikosi vya kila aina), yenye vikosi vinne, chini ya Jenerali Anthony Wayne, ambaye alilifundisha muda mrefu kabla ya kuyashinda makabila hayo kwenye vita vya Fallen Timbers, Agosti 1794.

Mwaka 1789 Knox alimwandikia Washington, sasa rais, kwamba makabila ya Wahindi Wekundu yana haki ya ardhi yao, haichukuliwi ila kwa ridhaa yao au kwa vita vya haki. Somo bila hilo lina pengo.

Jibu
Nyongeza ya tarehe, maana wanafunzi huchanganya: Knox alichaguliwa Katibu wa Vita (ndio huo uwaziri) mwaka 1785 na Bunge la zamani, kabla ya Katiba ya sasa. Washington akambakisha mwaka 1789, Knox akaondoka 31 Desemba 1794, nafasi ikachukuliwa na Timothy Pickering.