Chhath Puja huku Patna: mbona wanaanza na jua linalozama?

Mpangaji: Habari zenu wakuu, nasoma huku Patna, jimbo la Bihar, India, nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima. Diwali imeisha juzi tu sasa wamehamia Chhath, sikukuu ya Wahindu ya kuliabudu jua. Jana kaoga asubuhi akala wali, dengu na mumunye bila kitunguu, leo kashinda njaa, usiku huu anakula wali wa maziwa na sukari guru halafu hata maji hanywi tena. Kesho jioni kanialika mtoni Ganga. Sikukuu ya jua mbona wanaanza na jua linalozama? Na mimi si wa dini yao, nifanyeje nisimkosee?

Mzee wa Bihar: Nenda bila wasiwasi mdogo wangu. Chhath maana yake sita, siku ya sita tangu mwezi uandame ndani ya Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindu, ndo hiyo kesho. Anafunga kama masaa 36 hivi, keshokutwa alfajiri wanarudi mtoni kulipokea jua linalochomoza. Hakuna kuhani wa kumsomea, anaingia mwenyewe majini mpaka kiunoni kashika ungo wa mianzi una ndizi, nazi, balungi na miwa, ndugu zake wanamimina maziwa mbele ya ungo. Kuhusu jua kuzama, bibi mmoja aliniambia limetulea kutwa nzima, sasa tuliache liondoke hivihivi bila asante? Mimi jibu hilo lilinitosha.

Dada Mpishi: Usionje thekua kabla ya sadaka jamani!! Ni unga wa ngano, sukari guru na samli, wanabonyeza kwenye kibao chenye nakshi ndo wanakaanga, wengi kwenye jiko la udongo la kuni za mwembe. Ukiambiwa ubebe kapu la sadaka, weka kichwani, vua viatu, usilitue chini njiani.

Mpangaji: Nimerudi sasa hivi, asanteni sana. Ukungu ulikuwa mzito, mama kasimama majini anatetemeka, sindoor, ile poda wanayopaka wake za watu, ya rangi ya machungwa kutoka puani mpaka utosini, watu kimya wanaangalia mashariki, jua lilipotoa ukingo tu nikaona midomo yake mikavu inacheza anaomba. Alipotoka akatafuna tangawizi na sukari guru, ndo akanywa maji. Mimi kapu nilibeba, sikulitua. Kanipa thekua mbili zina alama ya jani, moja nimekula palepale ghati, kwenye ngazi za mtoni, ya pili naifunga vizuri nimpelekee mama yangu Tanga.