Nimetozwa shilingi 78,000 za oveholi, na moshi wa buluu umerudi kabla ya mwezi kwisha

Ndugu zangu wenye magari hapa Mombasa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa miezi mitano gari langu limekuwa likila oili na kutoa moshi, nimepita gereji tatu, nimelipa shilingi 78,000 kwa oveholi, yaani kufungua injini na kuitengeneza upya, ambayo baadaye niliona kwa macho yangu jinsi ilivyofanywa ovyo, na nilipokwenda kudai haki yangu nikajibiwa kwamba gari ni zee, nivumilie.

Gari lenyewe ni saluni ya Kijapani ya mwaka 2004, injini ya petroli yenye silinda nne na valvu 16. Kila alfajiri nilipoliwasha uani kwetu Kisauni, lilitoa wingu la buluu linalowasha macho, likaenda kutanda kwenye kanga na mashuka yaliyoanikwa na majirani. Bibi mmoja tunayepakana naye, anayelea mjukuu mwenye pumu, alinijia mlangoni akaniambia, "Mwanangu, kifua cha huyu mtoto hakiuwezi moshi wako." Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwomba radhi, na tangu siku hiyo nikawa nalisukuma gari hadi barabarani kabla ya kuliwasha. Kila baada ya kilomita 700 hivi, oili ilikuwa imeshuka kutoka alama ya juu ya kijiti hadi ya chini, yaani takriban lita nzima.

Fundi wa kwanza hakuuliza lolote. Alimwaga oili iliyokuwemo, ambayo ni 5W-30 kama kitabu cha gari kinavyotaka, akatia 20W-50 iliyo nzito zaidi pamoja na chupa ya dawa ya kuzuia moshi, akachukua pesa yake. Moshi ulipungua kwa wiki mbili, kisha ukarudi vilevile. Oili nzito haitengenezi chochote kilichoharibika. Inachelewa tu kupenya, na injini hizi zina vijia vyembamba vya oili vinavyoendesha mfumo wa kubadilisha nyakati za valvu, hivyo unaficha ugonjwa mmoja huku ukiukaribisha mwingine.

Kilichoniudhi kupita kiasi ni gereji ya pili. Fundi mkuu alisikiliza injini kwa dakika moja, akatazama nyuma kwenye ekzosi, akatamka kwamba ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, zimekwisha na lazima injini ifunguliwe. Hakupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Hakuchomoa plagi hata moja. Kwa kuwa nilikuwa nimechoka na aibu ya kila alfajiri, nilikubali, na hilo ndilo kosa langu. Gari lilikaa kwao siku tisa. Nilipewa risiti iliyoandikwa ringi mpya, gasketi, sili za valvu (vile vipira vinavyozuia oili kuchuruzika kwenye silinda) na kazi, jumla shilingi 78,000, na gari likarudi likiwa na mngurumo mpya uliokuwa mtupu, mithili ya debe. Kabla ya mwezi kwisha, nikiwa kwenye foleni ya Daraja la Nyali, niliona kwenye kioo dereva wa nyuma anafunga madirisha.

Jamaa mmoja akanielekeza kwa mzee wa Changamwe anayefanya kazi chini ya mwembe, na kwa mara ya kwanza nikakutana na fundi anayeuliza. Aliniuliza moshi unatoka wakati gani: asubuhi gari linapowashwa baada ya kulala, au ninapokanyaga mafuta kupanda kule Mazeras? Alinieleza kwamba moshi mweusi ni petroli inayozidi, mweupe mzito usiokwisha ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na wa buluu ni oili inayoungua. Ukiwa mwingi asubuhi kisha ukapungua, hushuku kwanza sili za valvu, kwa sababu oili huchuruzika usiku kucha kutoka juu. Ukitoka wakati injini inavuta mzigo, hushuku ringi. Langu lilikuwa likitoa nyakati zote mbili.

Alianza na kile cha bei ndogo. Alichomoa ile valvu ya PCV inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, akaitikisa sikioni mwake, nayo haikulia hata kidogo, kwa maana ilikuwa imeganda kwa uchafu. Kisha akafunga geji ya kompresheni. Silinda ya kwanza ilisoma psi 175, ya pili 170, ya nne 170, lakini ya tatu ikaishia 125. Akamimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi ya silinda hiyo, akapima tena, sindano ikapanda hadi 155. Ikipanda hivyo, oili imeziba kwa muda mahali ringi zinapovujia. Ingebaki palepale, tungetafuta kosa kwenye valvu. Kipimo chote hakikufika nusu saa. Kwa nini gereji yenye wafanyakazi sita na bango kubwa ilishindwa na nusu saa?

Injini ilipofunguliwa nilikuwa nimesimama palepale. Pistoni ya tatu ilikuwa na ringi mpya, kweli, lakini mfuo wa ringi ya oili ulikuwa umejaa masizi ya zamani, na vile vitundu vya kurudishia oili chini vimezibwa kabisa. Mzee alivizibua kwa sindano, kimoja kimoja, na masizi yakadondoka kama punje za pilipili manga. Ringi ya pili ilikuwa imevalishwa juu chini. Ina alama ndogo inayotakiwa kutazama juu, nayo ilitazama chini, na ringi ya namna hiyo ikigeuzwa huisukuma oili juu badala ya kuipangusa. Sili za valvu nilizolipia hazikuwa zimebadilishwa. Mpira mpya hubonyea ukiukandamiza kwa ukucha. Hizo zilikuwa ngumu kama kifungo cha shati, na mbili zilipasuka zilipochomolewa.

Lile debe nalo lilikuwa na maelezo yake. Mzee aligonga katalitiki, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, kwa mpini wa bisibisi na ikaitika kama kopo, kwani wale wa gereji ya pili walikuwa wameipasua, wakatoa kiini chake, wakaichomea tena bila kuniuliza. Ndani ya kiini hicho mna platini, paladi na rodi, madini yenye wanunuzi, na ndicho kinachopunguza sumu kwenye moshi kabla haujafika kwenye pua za watu. Ni kweli kwamba oili inayoungua huiharibu katalitiki polepole, lakini kuharibika hakumpi fundi ruhusa ya kuichukua mali ya mteja na kuiuza. Huo ni wizi, nami naliandika neno hilo nikilielewa.

Sasa, baada ya mzee kuirekebisha injini, nimetembea kilomita 3,000 kwa 5W-30, na oili haijashuka hata robo ya kijiti. Gari ni lilelile, umri ni uleule. Nilirudi gereji ya pili na risiti yangu, nikamkuta fundi mkuu, naye hata hakuigusa.

Naomba yeyote aliyefanyiwa oveholi hapa Mombasa kwa ajili ya moshi aandike hapa kama alipimiwa kompresheni kabla ya injini kufunguliwa, na kama alikabidhiwa spea zake za zamani. Mimi nimeandaa dai la kupeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sili zote 16, pamoja na ringi ile iliyogeuzwa, nimeziweka kwenye kopo la maziwa, na nitakwenda nazo.