Albamu ya pili ya Duffy ilibuma kweli, au sisi ndio hatukuisikiliza?

Kinanda Kimya:
Wadau, habari za muda huu. Jana usingizi ulinipaa, nikaweka Endlessly ya Duffy, yule mwimbaji wa kike wa Wales, ile albamu yake ya pili ya 2010, nikaisikiliza mwanzo mwisho bila kuruka wimbo. Nyimbo kumi tu, nusu saa na ushee imeisha.

Sasa naomba kueleweshwa. Rockferry, albamu yake ya kwanza ya 2008, iliongoza mauzo ya mwaka mzima Uingereza, ikazoa tuzo tatu za Brit, zile za muziki za Uingereza, ikabeba na Grammy. Miaka miwili tu baadaye, mwanamke yule yule na sauti ile ile, albamu inakomea nafasi ya 9 kwao Uingereza, na singo iliyoitangulia, "Well, Well, Well", inaishia ya 41. Mimi sikusikia albamu mbaya. Nilisikia albamu ambayo nikivua hedifoni sikumbuki kitu. Kwa nini? Na tafadhali, asije mtu kuniambia muziki ni bahati.

Mzee wa Besi:
Jibu ni fupi, kijana. Alimwacha Bernard Butler. Huyo mpiga gitaa wa zamani wa bendi ya Suede ndiye aliyemlea kisauti tangu hajulikani. Albamu ya pili akaenda kwa Albert Hammond, mtunzi mkubwa, simkatai, mkono wake umo hata kwenye "One Moment in Time" ya Whitney Houston. Lakini si mtu wake. Basi.

Sauti ya Pili:
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo nakupinga. "Mercy" ya kwenye Rockferry hakuitengeneza Butler, ni kazi ya Steve Booker. "Warwick Avenue" nayo aliitunga na Jimmy Hogarth na Eg White. Nyimbo mbili zilizomfikisha kila redio hazikupita mikononi mwa Butler.

Na kubadili watu si kosa. Amy Winehouse kwenye albamu yake Frank ya 2003 alikuwa wa jazi. Miaka mitatu baadaye akaja na Back to Black, nusu yake kapiga na prodyuza Mark Ronson na bendi ya Dap-Kings ya Brooklyn, matarumbeta kama ya miaka ya sitini, na usiku mmoja wa Februari 2008 akaondoka na Grammy tano. Adele naye kutoka albamu yake 19 kwenda albamu ya pili, 21, aliongeza watu wapya kibao, akina Paul Epworth na Dan Wilson. Kilichompata hakuna asiyekijua.

Tofauti mimi niliijua kwa aibu. Kazi yangu ni kuitikia kwenye bendi, nyuma ya mwimbaji wa mbele, kwa hiyo muda wote nasikiliza mwenzangu anavuta pumzi wapi. Siku moja kiongozi wetu akanipa nafasi niimbe peke yangu, nikachagua "Too Hurt to Dance" kutoka hiyo hiyo Endlessly. Nilifanya mazoezi wiki nzima. Ufunguo tuliushusha hatua mbili maana yule dada anaimba juu sana. Maneno yote kichwani. Nimefika kwenye kiitikio, mkono uko kwenye kipaza sauti, nikajikuta sijui namwambia nani. Sauti ilitoka, noti nilizipata, watu wakapiga makofi ya adabu. Unayajua makofi ya adabu? Yanaisha yote kwa pamoja.

Ukiimba "Warwick Avenue" hilo halikupati. Kuna mwanamke, kuna mwanaume, kuna mlango wa kituo cha treni ya chini ya ardhi ambako amemwita akamwambie yameisha. London sijafika, lakini ule mlango nauona. "Too Hurt to Dance" ni nzuri, vinanda vya nyuzi vimepangwa kwa ufundi, ila huzuni yake haina anwani. Na hivyo ndivyo ilivyo zaidi ya nusu ya albamu.

Jambo la pili, na hili ni masikio yangu tu: kwenye Rockferry sauti yake imewekwa mbali, ina mwangwi, kama mtu anaimba chumba cha pili. Ule mtetemo wake mkali unapata pa kutulia. Kwenye Endlessly wamemsogeza mpaka sikioni. Dakika kumi za mtetemo huo kwa karibu zinachosha, hata kwa tunaompenda.

Kinanda Kimya:
Dada, "huzuni haina anwani" ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu jana. Lakini "Well, Well, Well" je? Pale wako The Roots, ile bendi ya hip hop ya Marekani, ngoma kavu, zinapiga. Na anagombana na mtu kabisa, anahojiwa na yeye anarusha majibu. Anwani ipo! Mbona ndiyo iliyoanguka?

Sauti ya Pili:
Hapo umenibana, kaka. Ndio wimbo bora wa albamu, sibishani. Nadhani ulifika umechelewa kidogo. Watu walimuona mara ya mwisho 2009 kwenye lile tangazo la soda, anaendesha baiskeli katikati ya duka huku anaimba, wakacheka. Halafu anarudi na wimbo wa ukali. Wengi walikuwa bado wanamuona juu ya baiskeli.

Mzee wa Besi:
Na Endlessly ilitoka mwisho wa Novemba 2010. 21 ya Adele ikaingia Januari 2011. Wiki nane! Mtu angeizoea saa ngapi? Kwa Butler nimekusikia, binti yangu, ila ule wimbo "Rockferry" wenyewe ni wake, na bado naona ndio mzuri kuliko wote.

Sauti ya Pili:
Huo nakuachia, mzee.

Kinanda Kimya:
Nimerudia tena sasa hivi, safari hii nimeanzia mwisho. "Hard for the Heart", ule wa kufungia. Jana ulinikuta nusu nimelala, kumbe anajizuia kwa muda mrefu halafu anaachia taratibu. Dada, huu umewahi kuujaribu jukwaani?

Sauti ya Pili:
Bado. Kiongozi anasema watu watakwenda kununua vinywaji kabla sijafika katikati.