Binti kapata sheria chuo cha serikali na chuo binafsi, nimpeleke wapi? Naombeni ushauri

MzeeWaZabibu: Wakuu habari za jioni. Mimi mkulima wa zabibu huku Hombolo, binti yangu kamaliza form six mwaka huu HGL (Historia, Jiografia na Kingereza), kapata division two. Kachaguliwa sheria vyuo viwili, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hapa na kimoja binafsi sikitaji. Kijiweni wananichanganya, huyu anasema cha serikali ada nafuu na cheti chake kinaheshimika, yule anasema kule wanajazana mpaka mwalimu hamjui mtoto hata jina, binafsi ndo wanafundishwa kwa karibu ila ada karibu mara mbili. Usingizi sipati. Mliosoma nipeni faida na hasara.

chimwaga_boy: Shikamoo mzee. Nimesoma sheria chuo cha umma, kipi sisemi. Kipindi cha saa mbili asubuhi tulikuwa tunaweka madaftari kwenye viti tangu saa kumi na mbili, ukichelewa unakaa kwenye ngazi unaandikia gotini. Kitabu cha mikataba maktaba tunagombania kama mgao wa maji, mwisho wa siku ni fotokopi za steshenari, na kurasa 40 hadi 46 hazipo. Lakini nilijifunza kutafuta mwenyewe, na leo kila ofisi ya sheria nikigonga namkuta mtu tuliyesoma naye. Halafu wasikutishe kuhusu mkopo, bodi inatoa kwa vyuo vyote, bumu la chakula na malazi ni lile lile 10,000 kwa siku. Akiajiriwa anakatwa 15% ya mshahara, hilo alijue mapema.

Mama Kondoa: Mtoto wa kike asome karibu na nyumbani, mambo ya kupanga geto mbali huko ndo wanarudi na matumbo. Kaka yangu alisoma sheria chuo kizuri tu, leo anauza spea za bodaboda Sabasaba, ila ukimkopa akikudai unatamani ukimbie, anakusomea vifungu mpaka unalipa.

wakili_mtarajiwa: Mnabishana kwenye kitu kidogo. Atoke chuo cha umma au cha binafsi, akitaka kuwa wakili lazima apite Law School of Tanzania Dar, na kule hawakuulizi umetoka wapi. 2022 matokeo yalitoka, kati ya watu 633 waliofaulu bila sapu, yaani bila kurudia mtihani, walikuwa 26, nchi nzima ikapiga kelele mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Mimi mwenyewe nina sapu mbili nazitazama kama deni la duka. Muulize binti yako Kingereza chake kikoje, chuoni kila kitu Kingereza japo mahakamani sheria imebadilishwa tangu 2021 lugha ni Kiswahili.

Nesi wa zamu: Mzee wangu, umeulizia ada, umeulizia walimu. Binti mwenyewe anataka kipi?

MzeeWaZabibu: Binti yupo Mpwapwa kwa shangazi yake.

Nesi wa zamu: Sijauliza yuko wapi mzee.

MzeeWaZabibu: Haya niseme. Yeye anasema uuguzi. Ila mimi nimeshathibitisha UDOM, wakati wa kuomba namba ya simu tuliandika yangu, kwa hiyo namba ya siri ya kuthibitisha ilikuja kwangu nikaiingiza, bado sijamwambia. Msinihukumu nina sababu. Shamba la marehemu baba yangu heka sita, baba mdogo kalichukua tangu 2014 analima yeye, wakili wa mjini kaniambia milioni tatu kabla hata ya kufungua faili. Nikapiga hesabu nikaona bora nisomeshe wakili wangu mwenyewe. Na sheria ni kazi nzuri, au siyo?

Kijana wa Nkuhungu: 😂😂 Mzee anafuga wakili kama kuku wa Singida. Makao makuu ya Mahakama yamefunguliwa hapa Dodoma mwezi wa nne 2025, kapita akaliona lile jengo wazo likaja.

Fundi Redio: Chai hii, tena ina tangawizi. Juu binti kasoma HGL, chini anataka uuguzi. HGL na uuguzi wapi na wapi? Na mkulima gani wa Hombolo anaandika nukta na mkato. Mods fungeni uzi.

Nesi wa zamu: Fundi tulia. Diploma ya uuguzi wanaangalia cheti cha form four, ukiwa na Kemia, Baiolojia na Fizikia umepasi unaomba. Mimi nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kingereza), nikamaliza nikageukia huku, baba alininunia mwaka mzima, leo presha yake nampima mimi.

MzeeWaZabibu: Nimeishia darasa la saba la zamani, lile la kufundishwa mkato kwa fimbo. Ukitaka chai njoo Hombolo unywe.

wakili_mtarajiwa: Acheni chai kidogo. Mzee, kudai ardhi kuna ukomo, miaka 12 tangu ulipoondolewa. Ukihesabu 2014 mlango unafungwa 2026. Binti akianza mwezi wa kumi, chuo, kisha Law School, mpaka Jaji Mkuu amuapishe hata bila sapu tupo 2030 na kitu. Huyo wakili unayemsomesha atakuta kesi imeshakufa. Anza baraza la kata, siku hizi wanasuluhisha tu, ikishindikana nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama hela huna ulizia msaada wa kisheria wa bure, ile kampeni ya Mama Samia ilizinduliwa hapahapa Dodoma 2023.

chimwaga_boy: Na kama dirisha halijafungwa, uthibitisho unaweza kufutwa kwenye akaunti ileile ya chuo. Ila afute mwenyewe binti.

MzeeWaZabibu: Mbona yule wa milioni tatu hakuniambia hayo ya miaka 12.

Fundi Redio: Kama kweli weka picha ya shamba.

MzeeWaZabibu: Kioo cha simu kimepasuka, picha inatoka na mistari. Ila mpakani kuna mbuyu, baba mdogo kaupaka chokaa kiunoni akaandika jina lake na 2013 kwa rangi nyekundu. Mimi nahesabu 2014 kwa sababu ndo nilirudi kutoka Morogoro nikakuta.

wakili_mtarajiwa: Mzee. 2013 mwezi gani?

MzeeWaZabibu: Ngoja nimpigie dada Mpwapwa, yeye ndo alikuwepo.

Nesi wa zamu: Akipokea, mwambie akupe na binti uongee naye.