Flashi ya nje ya bei poa kwa Canon 2000D, nichukue ipi?

Mbagala_Picha:
Wakuu habari za humu. Nina Canon 2000D na lensi yake ileile iliyokuja nayo ya 18-55, nimeanza kupata vikazi vya sendofu, ubarikio na besidei za watoto. Mchana sina shida, kasheshe ni usiku ukumbini. Kile kiflashi kinachoruka juu ya kamera kinaniabisha, watu wanatoka nyuso zinang'aa kama wamepakwa samli, nyuma giza totoro na kivuli kizito ukutani utadhani kuna mtu kawasimamia mgongoni. Nikizima flashi nikapandisha ISO (ule usikivu wa kamera kwa mwanga) hadi 6400 picha inajaa chenga.

Bajeti yangu laki mbili na nusu, nikijikamua sana laki tatu. Nimeona Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV, halafu kuna jamaa ana Vivitar 283 ya kizamani anasema ananiachia kwa elfu arobaini tu. Jumamosi ya wiki ijayo nina sendofu, nisaidieni haraka.

kiroboto_wa_tandale:
Mi nimefungua uzi nikijua unatafuta flashi ya kuwekea miziki, nikawa najiuliza laki mbili na nusu ni GB ngapi hizo 😂😂 endeleeni wakubwa

Mzee_wa_Negativu:
Kijana hiyo Vivitar muachie mwenyewe. Mimi 283 nimeila sana enzi za filamu, ni chuma kweli, lakini zile za mwanzo zinarudisha volti kubwa pale kwenye mguu, nyingine zinapita 200, na kamera hizi za digito nyingi hazikutengenezwa kuvumilia hivyo. Elfu arobaini ya kuokoa inakuunguzia kamera nzima.

Kati ya TT600 na YN560 usihangaike na namba za nguvu ya mwanga za kwenye boksi. Godox imeandikwa 60 na Yongnuo 58, watu wanadhani Godox ina nguvu zaidi, kumbe 60 imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kwenye zumu ya mm 200 na 58 imepimwa kwenye mm 105, kwa hiyo huwezi kuzilinganisha hivyohivyo. Zote ni za kuseti kwa mkono, hamna cha kamera kukupimia. Usiogope, ukizoea siku mbili umemaliza. Anza na ISO 800, tundu la lensi f/5, spidi 1/125, nguvu ya flashi 1/8, piga moja uangalie, ikiwa nyeusi panda 1/4. Ila kumbuka ukirudi nyuma mara mbili ya umbali ule mwanga unaomfika mtu unabaki robo, sio nusu, hapo ndipo vijana wengi mnaharibu picha za meza kuu. Na spidi usivuke 1/200 la sivyo utapata mstari mweusi chini ya picha.

FundiLensi:
Shikamoo mzee, yote uliyosema sawa ila kuna kitu kimoja kitamuumiza huyu ndugu. Mbagala, kabla hujatoa hata shilingi chukua kamera yako angalia pale juu unapochomeka flashi. Katikati kuna kitone cha chuma cha duara au hakuna?

Naulizia kwa sababu Canon waliondoa ile pini ya katikati kwenye kamera zao kadhaa za bei ya chini, 2000D, 4000D na 250D zimo. 1300D ya nyuma yake inayo. Sasa flashi za kuseti kwa mkono zinawashwa na ile pini peke yake, hazina lugha nyingine ya kuongea na kamera. Yani TT600, YN560 na hata hiyo Vivitar, zote tatu ulizotaja ukizichomeka juu ya 2000D hazitawaka. Zitakaa tu kama kofia.

Mzee_wa_Negativu:
Marahaba. Hilo ndio nalisikia leo. Pini ya katikati ndio imekuwepo tangu tuko vijana, wakaitoa kwa nini sasa

Mbagala_Picha:
Nimeangalia sasa hivi na tochi ya simu. Katikati pako tambarare kama kiganja, kuna vile vidoti vidogo vya nyuma tu. Aisee nilikuwa nimeshaongea na muuzaji nikalipie kesho. Sasa nafanyaje wakuu maana kubadilisha kamera siwezi

FundiLensi:
Una njia mbili tatu hivi. Ya kwanza ununue flashi yenye E-TTL ya Canon, yani ule mfumo wa kamera kukupimia mwanga wa flashi yenyewe, maana hiyo inaongea na kamera kwa vile vidoti vya nyuma. Za Canon wenyewe za EX zinafanya kazi ila kwa bajeti yako labda upate mtumba wa 430EX. Godox wana TT685 ya Canon, herufi C mwishoni, lakini hapo hakikisha ina programu mpya ya ndani kwa sababu matoleo ya mwanzo yalitoka kabla ya hizi kamera zisizo na pini. Usikubali maneno ya muuzaji, nenda na kamera yako, chomeka, piga, ione inawaka NA picha imetoka na mwanga. Kile kitufe cha kujaribia kilichopo kwenye flashi yenyewe hakithibitishi kitu, kinawaka hata flashi ikiwa mkononi.

Pia E-TTL isikudanganye kwamba itafikiri badala yako. Ukimpiga bibi harusi wa shela jeupe kamera inaona mweupe mwingi inapunguza mwanga, sura yake inaingia giza. Hapo unaongeza fidia ya flashi +1 hivi. Kamati ya wababa wa suti nyeusi inakuwa kinyume chake.

bi_pwani_picha:
Salaam. Mimi niko Mombasa napiga harusi za kina mama, kupamba na mambo kama hayo, wanaume hawaingii kwa hivyo kazi yote ni yetu. Nilianza na flashi ya kuseti kwa mkono na mpaka leo ndiyo naitumia, sikuona haja ya kubadilisha.

Kaka kuna njia nyengine hajakwambia. TT600 na YN560 zote zina hali ya S1 na S2, jicho dogo pale mbele linaona mwako wa flashi nyengine na yenyewe inawaka wakati huohuo. Inua kile kiflashi cha kamera yako, weka flashi kubwa kwa S2 (sio S1, S1 itawahi kuwaka na ule mwako wa kupimia wa mwanzo na picha utaikosa), iweke kwa standi au mpe mtu aishike pembeni. Pini haihitajiki. Na mwanga ukitoka pembeni uso unapata umbo, ule wa mbele moja kwa moja kwa bibi harusi aliyevaa dhahabu mpaka kifuani unarudi wote kwa lensi.

Ukiweza elekeza flashi kwenye dari nyeupe ushuke laini. Dari ikiwa ya mbao au ukumbi wameufunika vitambaa vya zambarau usijaribu, utapata maharusi wa zambarau. Kwa hema ndio kabisa, mwanga unapotea, mimi hufunga kadi nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi na mpira wa nywele.

Na betri!! Nunua za kuchaji AA nne, tena seti mbili. Ile 1.2V iliyoandikwa isikutishe, zinajaza flashi upesi kuliko za kawaida za 1.5V. Zile za rejareja za bei rahisi za redio utasubiri mpaka keki imeshakatwa.

Mbagala_Picha:
MREJESHO. Nilienda dukani na kamera. Muuzaji akachomeka TT600, nikabonyeza, kimya. Akachomeka nyingine, kimya. Ya tatu kimya. Akaniangalia akasema "kamera yako mbovu hiyo". Nikamwonyesha pale katikati, akachukua kamera nyingine ya dukani akalinganisha, akaguna tu. TT685 aliyokuwa nayo iliwaka vizuri ila bei ilinipita, nikaamua kufuata ushauri wa bi pwani nikabeba TT600 na betri za kuchaji, nikabaki na chenji ya bodaboda.

Sendofu jana. Nilimpa mdogo wangu aishike juu anifuate nyuma kama mwenge wa Uhuru, na jamani picha za kuingia ukumbini sijawahi kupiga kitu kama kile, sura laini, kivuli kimeanguka pembeni. Shida ikaanza baada ya nusu saa, upande wa bwana harusi walileta mpiga picha wao. Kila akipiga yeye flashi yangu inawaka. Mdogo wangu akawa anawaka tu kama radi kila kona, betri seti ya kwanza ikafa kabla hata ya utambulisho wa wazazi, ya pili ikafika mpaka zawadi ikakata. Jamaa mwenyewe akaja kunishukuru eti picha zake zimependeza leo 😭

kiroboto_wa_tandale:
Yani umempigia taa bure, ungemtumia ankara 😂😂

FundiLensi:
Hahaha S2 ndivyo ilivyo, jicho halijui bosi wake ni nani. TT600 ina redio ndani yake, kwa hiyo ukipata trigga (kile kidude cha kuiamrisha flashi kutoka kwenye kamera) ya Godox X2T ya Canon, tena yenye programu mpya kama nilivyosema, unaichomeka juu ya 2000D na unaiwasha kwa redio, unachagua chaneli yako hakuna wa kukuingilia. Hapo mpaka spidi za juu ya 1/200 unaweza.

Mbagala_Picha:
Hiyo nitaifuata mkuu, ila sio wiki hii. Shangazi wa bibi harusi bado ana nusu ya hela yangu na simu hapokei.